Baiskeli Hell's Gate: Barabara Kuu Inapopanuliwa, Mwendeshaji Atapita Wapi?

Tangu ujenzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit ulipozinduliwa Novemba 2025, mazungumzo mengi ya wananchi yamehusu ada itakayotozwa magari, fidia ya ardhi na muda wa kukamilika kwa kazi. Ni mambo mazito, na yanastahili kuzungumzwa. Hata hivyo, lipo kundi la Wakenya lisilomiliki gari la kulipiwa ada wala shamba la kulipwa fidia, ambalo usalama wake utaamuliwa na namna mradi huo utakavyotekelezwa. Hili ni kundi la waendesha baiskeli wanaotoka Nairobi na vitongoji vyake kushuka Bonde la Ufa hadi Naivasha, na hasa wale wanaoelekea Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate.

Mradi wenyewe una mikono miwili. Mmoja ni wa kilomita 175, kutoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit. Wa pili ni wa kilomita 58, kutoka Rironi kupitia Mai Mahiu hadi Naivasha. Huo wa pili ndio unaomhusu mwendeshaji baiskeli kwa karibu zaidi, kwa kuwa ndio njia fupi ya kushuka bondeni, na ndio unaopita chini ya Mlima Longonot, jirani na mbuga tunayoizungumzia.

Hell's Gate si mbuga kubwa ukiilinganisha na Tsavo. Ina kilomita za mraba 68 na ushei, na ilitangazwa rasmi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984. Iko takriban kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, umbali ambao mtu mwenye mazoezi anaweza kuumaliza kwa baiskeli katika nusu siku. Upekee wake ni kwamba mgeni anaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli bila kusindikizwa na askari wa wanyamapori. Katika mbuga nyingi za nchi hii, anayeshuka garini bila ruhusa huvunja sheria. Hapa mtu hupita kwa baiskeli mita chache kutoka kwa pundamilia, twiga, swala na ngiri, naye pundamilia huinua kichwa kumtazama kisha akaendelea kula majani.

Ruhusa hiyo ina sababu zake. Simba na ndovu hawana makao ya kudumu humo. Chui wapo, ila hawaonekani kwa urahisi. Mnyama wa kuogopwa zaidi ni nyati, hasa dume aliyejitenga na kundi, na yeyote anayezunguka njia inayoitwa Buffalo Circuit anapaswa kulichukulia jina hilo kama onyo. Nyani nao wana desturi yao: hawamshambulii mtu, lakini mfuko wenye ndizi uliofungwa nyuma ya baiskeli hawauachi.

Safari yenye sehemu nne

Anayetoka Nairobi kwa baiskeli hadi kwenye korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga, hupita katika barabara za aina nne, na kila aina ina hatari yake. Ni vyema kuzitazama kwa zamu, kwa kuwa sera ya barabara mara nyingi huandikwa kana kwamba msafiri ni mmoja na barabara ni moja.

Sehemu ya kwanza ni ya kutoka jijini kupitia Kikuyu na Limuru. Eneo hili lina historia yake katika mchezo wa baiskeli. Ni katika mji wa Kikuyu ambako David Kinjah, mwendeshaji mashuhuri aliyeliwakilisha taifa katika mashindano ya kimataifa, alimfunza kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi aitwaye Chris Froome. Kijana huyo alikuja kushinda Tour de France mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa chini ya bendera ya Uingereza. Hadi leo si ajabu kukutana na vijana wa eneo hilo alfajiri wakipanda vilima vya Limuru kwa mazoezi. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda, ikiwa mara ya kwanza kuandaliwa katika bara la Afrika. Kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuuona mchezo huu kuwa wa watu wa mbali.

Sehemu ya pili ni mteremko wa Mai Mahiu. Barabara hii ilichimbwa ubavuni mwa ukingo wa Bonde la Ufa na wafungwa wa kivita kutoka Italia wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga kando yake lingali limesimama. Ilijengwa kwa magari ya enzi ile. Leo ni njia ya malori mazito yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Kona ni nyingi na kali, upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni bonde, na mahali pengi lami huishia pale pale mstari mweupe unapoishia. Baiskeli inayoshuka huenda kwa kasi inayokaribia ile ya lori, na kwa hiyo dereva wa lori hana nafasi ya kuipita, wala mwendeshaji hana mahali pa kukimbilia. Anayepanda hali yake ni mbaya zaidi: huenda polepole, moshi unamvuka usoni, huku matatu nyuma yake ikipiga honi.

Hapa ndipo neno la kihandisi linapogeuka kuwa suala la uhai. Ukingo wa lami wenye upana wa kutosha, nje ya mstari mweupe, ukiwa hauna mashimo wala changarawe, humtoa mwendeshaji baiskeli kwenye njia ya lori. Si lazima iwe njia maalumu iliyotengwa kwa ukuta na kupakwa rangi, ingawa hilo lingekuwa bora. Lakini ukingo huo ukipunguzwa kwenye kona ili kuokoa gharama ya kuchimba mwamba, basi umepunguzwa pale hasa unapohitajika. Tena, kupanua mteremko kama ule ni kazi inayofanywa mara moja katika miongo kadhaa. Kasoro itakayoachwa sasa itadumu muda mrefu kuliko mikataba yenyewe.

Yapo pia maji. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yalishuka kutoka vilima vya Kijabe na kuwaua zaidi ya watu 45 katika eneo la Mai Mahiu. Mifereji na makalvati ya barabara mpya yataamua kama mvua kubwa itaacha matope na mawe kwenye ukingo, ambako ndiko baiskeli na waenda kwa miguu hupita.

Sehemu ya tatu husahauliwa na wengi: barabara ya Moi South Lake, inayozunguka upande wa kusini wa Ziwa Naivasha. Mtalii huiona kama njia ya kufikia Lango la Elsa, lililopewa jina la simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye nyumba yake ya Elsamere iko kando ya ziwa hilo hilo. Lakini barabara hii ni ya mashamba ya maua. Alfajiri na jioni hujaa wafanyakazi wanaokwenda zamu au kurudi nyumbani, kwa mabasi ya kampuni, kwa bodaboda, kwa miguu, na wengine kwa baiskeli za chuma zilizotumika miaka mingi. Hawa hawavai mavazi ya mbio wala hawana taa za nyuma zinazomulika. Wanaendesha baiskeli kwa sababu nauli ya kila siku ingekula sehemu kubwa ya mshahara.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa, katika mijadala ya bajeti, baiskeli huwekwa mara nyingi katika fungu la burudani, na fungu la burudani huwa la kwanza kukatwa. Njia salama ya baiskeli kutoka mjini Naivasha hadi njia panda ya Lango la Elsa ingemfaa mgeni wa wikendi mara moja kwa mwaka, na ingemfaa mkata maua mara mbili kwa siku. Tukihesabu manufaa kwa safari badala ya kuyahesabu kwa mapato ya lango, picha hubadilika kabisa.

Ndani ya lango

Sehemu ya nne ni mbuga yenyewe. Kutoka Lango la Elsa hadi kwenye korongo ni takriban kilomita 8. Barabara hupita kati ya kuta za miamba myekundu, ikianzia karibu na Mnara wa Fischer, jiwe lililosimama peke yake kwa urefu wa mita 25 hivi, ambalo limepewa jina la mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapa mwaka 1883. Njia si ya lami. Ni udongo wa majivu ya volkeno, laini kama unga wakati wa kiangazi, na magari huukunja ukawa mawimbi madogo yanayotikisa mifupa. Tairi nyembamba za baiskeli ya mbio huzama humo. Anayetoka Nairobi na baiskeli ya aina hiyo afadhali aiache langoni na akodi yenye tairi pana.

Upande wa Olkaria hali ni tofauti. Huko kuna lami, kwa ajili ya mitambo ya umeme wa jotoardhi. Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa, na tangu hapo mabomba ya mvuke yametambaa juu ya vilima, mahali pengine yakiinuliwa ili twiga wapite chini yake. Vilima ni vikali na mandhari ni ya ajabu kidogo: mvuke mweupe unapanda kutoka ardhini, na kongoni wanakula majani chini ya bomba. Kwa mwendeshaji wa baiskeli ya barabarani hiki ndicho kipande bora zaidi cha mbuga. Lakini magari ya kazi nayo hupita hapo, yakiwemo yale yanayobeba mitambo na wafanyakazi, na dereva anayewahi zamu hayumo katika hali ya utalii.

Magari na baiskeli hutumia njia moja katika mbuga nzima. Siku za katikati ya juma hilo halina shida kubwa. Jumamosi na Jumapili, na hasa sikukuu, msururu wa magari huinua vumbi ambalo mwendeshaji baiskeli hulivuta kifuani kwa kilomita zote 8, na mara nyingine halimruhusu kuona kilicho mbele. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo lenye mamlaka juu ya barabara za ndani, na lina uwezo wa kulitatua hili bila kungoja mkopo wala zabuni kubwa.

Mifano ipo. Nchini Kanada, mbuga ya Gatineau yenye kilomita za mraba 361, jirani na mji mkuu Ottawa, imekuwa na utaratibu wa miaka mingi wa kufunga barabara zake za kupendeza kwa magari Jumapili asubuhi katika majira ya kiangazi, ili baiskeli na waenda kwa miguu wazitumie. Jijini London, bustani ya Richmond, yenye hekta zisizopungua 950 na mamia ya kulungu, imeweka mwendo wa juu wa kilomita 32 kwa saa kwa magari, na tangu mwaka 2020 imepunguza magari yanayoitumia kama njia ya mkato. Huko pia waenda kwa miguu hulalamikia kasi ya baadhi ya waendesha baiskeli, jambo ambalo watetezi wa baiskeli hapa nyumbani wasilifumbie macho. Mtu mwenye mtoto mkononi haoni tofauti kubwa kati ya kugongwa na pikipiki na kugongwa na baiskeli inayoteremka kwa kasi.

Wala si lazima twende ng'ambo. Msitu wa Karura, ndani ya Nairobi, ambao Profesa Wangari Maathai aliupigania na kujeruhiwa mwaka 1999, leo una njia za baiskeli zilizotengwa na njia panda zenye nambari, kiasi kwamba aliyepotea anaweza kueleza kwa simu mahali alipo. Nambari kwenye nguzo ya mbao ni kitu cha gharama ndogo. Hell's Gate ingeweza kuwa nazo katika njia zake zote.

Hoja ya kufunga barabara ya mbuga kwa magari asubuhi za Jumapili ina upinzani wa haki. Wazee, watu wenye ulemavu, akina mama wenye watoto wachanga na mabasi ya shule hawawezi kuendesha baiskeli kilomita 8 kwenda na 8 kurudi kwenye vumbi. Mbuga ni mali yao pia. Kwa maoni yangu, jawabu linalofaa zaidi si kufunga bali kupanga: saa chache za mwanzo, tangu lango linapofunguliwa, ziwe za baiskeli na miguu katika njia kuu ya korongo, na magari yaelekezwe Buffalo Circuit au yaingilie upande wa Olkaria, baada ya hapo barabara iwe ya wote kwa mwendo uliodhibitiwa. Asubuhi ndio wakati wanyama huonekana zaidi na jua halijawa kali. Jaribio la miezi mitatu lingetosha kuonyesha kama mapato ya lango yanapungua au la.

Breki na mvua

Mambo mawili yanahitaji kusemwa bila kupambwa, kwa kuwa yanagusa uhai.

La kwanza ni hali ya baiskeli za kukodi. Vijana wanaozikodisha kwenye njia panda na karibu na lango wamejijengea ajira kwa jasho lao, na wengi wao ni mafundi wazuri wa kuziba pancha na kunyoosha ringi. Lakini mwandishi huyu aliwahi kukodi baiskeli ambayo breki ya nyuma ilikuwa waya mtupu bila mpira, na alilitambua hilo akiwa tayari ameanza kuteremka. Mguu wa kushoto ndio uliofanya kazi ya breki, na kiatu kikaisha. Hakuna helmeti iliyotolewa, na ukweli ni kwamba mwandishi hakuiulizia. Ukaguzi wa dakika mbili langoni, wa breki, usukani na tairi, ungeokoa mengi. Hauhitaji kuwa adhabu kwa vijana hao; unaweza kuandamana na mafunzo mafupi na kibandiko cha kuthibitisha kwamba baiskeli imekaguliwa. Mwenye baiskeli nzima angepata wateja zaidi, na mwenye baiskeli mbovu angekuwa na sababu ya kununua waya mpya.

La pili ni korongo. Ol Njorowa ni jembamba, na kuta zake ni ndefu. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mbali, maji hufika korongoni ghafla hata kama juu ya kichwa chako anga ni samawati. Aprili 2012 vijana wa kikundi kimoja cha kanisa walisombwa humo. Septemba 2019 watu 7 walipoteza maisha katika mafuriko ya namna hiyo hiyo, na korongo likafungwa kwa muda. Mwendeshaji baiskeli yuko katika hatari ya pekee: huacha baiskeli juu, hushuka kwa miguu akiwa amechoka, na mara nyingi huwa amekuja peke yake au na mwenzake mmoja, bila dereva anayemngojea atakayegundua kwamba amechelewa. Daftari la langoni linaloandika saa ya kuingia na saa inayotarajiwa ya kutoka, likafuatiliwa kweli jioni, lingeziba pengo hilo.

Nani mwenye barabara?

Ugumu mkubwa zaidi, kwa mtazamo wa kiserikali, ni kwamba safari moja ya mwendeshaji baiskeli hupita katika mikono ya taasisi nyingi. Barabara kuu ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA. Usalama wa watumiaji ni jukumu la Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, pamoja na polisi wa trafiki. Serikali ya Kaunti ya Nakuru ina wajibu wake katika mji wa Naivasha. KWS husimamia ndani ya lango, na Olkaria kuna shughuli za kuzalisha umeme. Kila taasisi hupanga bajeti yake kwa kutazama mipaka yake. Matokeo huwa ni vipande: njia nzuri ya miguu inayoishia kwenye mtaro, au kibao cha onyo kilichowekwa pale mamlaka ya taasisi inapoishia badala ya pale hatari inapoanzia.

Nairobi ilijaribu kuliwekea jambo hili msingi. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliweka lengo la kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Mkazi yeyote wa jiji anaweza kupima mwenyewe, kwa macho yake, umbali uliopo kati ya lengo hilo na barabara anayoitumia kila siku. Hata hivyo, lengo lililoandikwa lina faida moja: linampa mwananchi kitu cha kuuliza. Kwa njia ya Nairobi hadi Naivasha, swali la kuulizwa katika vikao vya kukusanya maoni ya umma ni jepesi na mahususi. Ukingo wa lami utakuwa na upana wa mita ngapi katika mteremko wa Mai Mahiu, na je, upana huo utadumishwa kwenye kila kona na kila daraja? Mhandisi hulijibu kwa nambari, na nambari huweza kupimwa kazi ikikamilika.

Kwa wanaopanga safari wakati kazi ya ujenzi ikiendelea, njia ya Mai Mahiu haifai kwa baiskeli katika saa za msongamano wa malori, na vipande vilivyochimbwa havifai kabisa baada ya giza kuingia. Wengi sasa hupakia baiskeli kwenye gari au matatu hadi mjini Naivasha na kuanzia safari hapo. Malipo ya kuingia mbugani hufanywa kwa njia ya kidijitali, si kwa pesa taslimu, na kitambulisho cha taifa huhitajika ili mtu atozwe kiwango cha raia. Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha kutoka nje. Na katika msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, muulize askari wa langoni kuhusu hali ya korongo kabla ya kufunga baiskeli yako juu ya ukingo wake. Akisema usishuke, usishuke.